Soketi mpya ya nje inazima nyumba nzima: usiiruke RCCB (ile swichi kubwa yenye kitufe cha T), fungua soketi uangalie waya

Kijana mmoja wa Kimara, Dar, kaniuliza hivi, nafupisha. Soketi ya nje nyuma ya nyumba, pale penye pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki, ilikuwa imeshika kutu na plastiki imepasuka, akanunua mpya, "soketi kama ile ya sebuleni", akaibadilisha mwenyewe Jumamosi. Kabla hajaitoa ya zamani alipiga picha. Alikuta waya sita, nyekundu mbili, nyeusi mbili na za kijani mbili, akazirudisha kwenye mpya "vile vile kama zilivyokaa kwenye picha". Alipowasha umeme kijitaa chekundu cha soketi kikawaka na testa ikawaka pia, akajua kazi imeisha. Ila akichomeka pampu na kubonyeza swichi, nyumba nzima giza, ile swichi kubwa yenye kitufe cha T inaanguka, na hata chaja ya simu inafanya hivyo hivyo. Soketi za jikoni hazina shida. Jumapili rafiki yake akaja "akairuka" ile swichi, yaani akaunganisha waya umeme upite pembeni yake, pampu ikapiga kazi safi tanki likajaa, lakini usiku dada mtu akalalamika mlango wa friji unampiga ganzi akiushika akiwa pekupeku. Sasa anauliza, soketi aliyonunua ni feki, au ile swichi yenye T imekufa anunue nyingine?

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujaendelea kusoma, kama ile swichi bado imerukwa mpaka saa hizi, simama kwanza nenda kachomoe pampu kwenye ile soketi ya nje, vaa ndala kavu, na usiguse bodi ya pampu wala bomba, shika plagi tu. Alafu hakikisha hakuna mtu anayechomeka chochote pale, watoto waambie kabisa. Ukishamaliza rudi tuongee, mimi nipo.

Sawa. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba soketi yako sio feki (au hata kama ni feki sio hiyo inayokusumbua) na ile swichi haijafa, tena ndo kifaa pekee hapo kwako kilichokuwa kinasema ukweli mpaka rafiki yako alipokiziba mdomo. Mimi naona waya za nyutro (zinazorudisha umeme) na za ethi (za usalama, zinazoshuka ardhini) zimebadilishana nafasi nyuma ya hiyo soketi mpya, nyeusi zimeingia kwenye ethi na za kijani zimeingia kwenye nyutro. Nitakueleza nimejuaje nikiwa sijafika hapo, na utahakikisha mwenyewe au na fundi maana bila kufungua hakuna anayeweza kuapa.

Anza na hiyo swichi yenye T. Watu wengi wanaiita ELCB, kwenye maandishi yake utakuta RCCB, na pembeni imeandikwa 0.03A au 30mA. Yenyewe haipimi kama umeme ni mwingi au mdogo, hiyo ni kazi ya zile breka ndogo ndogo zilizopangwa pembeni yake. Yenyewe inafanya hesabu moja tu, umeme uliotoka kwenye laivu (waya unaoleta umeme) lazima urudi wote kwenye nyutro. Ni kama mtunza stoo, kilichotoka asubuhi na kilichorudi jioni lazima vilingane, na kikipungua anafunga mlango hapo hapo hasubiri maelezo. Kipimo chake cha upungufu ni hizo miliampea 30, na kawaida anaanza kushtuka popote kati ya 15 na 30.

Sasa chukua soketi ambayo kwenye tundu la nyutro nyuma yake kumefungwa waya wa ethi. Usipochomeka kitu hakuna kinachopita, swichi inatulia, wewe unaona mambo safi. Kile kijitaa chekundu kinatumia umeme mdogo mno, hata miliampea 2 hakifiki, kwa hiyo kinawaka na RCCB haioni kitu. Testa nayo inaonyesha laivu tu, na laivu yako ipo mahali pake, kwa nini isiwake. Lakini chomeka chaja ya simu. Chaja ya wati 10 ikiwa inachaji inavuta kama miliampea 50 mpaka 100 hivi, na huo umeme wote ukitoka kwenye laivu unarudi kwa njia ya waya wa kijani, haupiti kwenye nyutro hata kidogo. Mtunza stoo anaona vimetoka 80 vimerudi sifuri. Anafunga. Pampu ndo usiseme, ile inavuta ampea mbili mpaka tano kutegemea na ukubwa wake, hata nukta haimalizi.

Ndo maana nakwambia dalili yako imejisema yenyewe. Ingekuwa pampu mbovu, imeingia maji au koili yake inavujisha, basi swichi ingeanguka ukichomeka pampu tu, na chaja ingechaji vizuri. Ingekuwa maji yameingia kwenye soketi, ingezima hata usipochomeka kitu, hasa ikinyesha au asubuhi kwenye umande. Ingekuwa umeunganisha nyeusi moja na kijani moja pamoja, yaani nyutro imegusana na ethi, hiyo RCCB isingekaa juu kabisa friji likiwa linafanya kazi, na hapo kuna kitu kinawachanganya hata mafundi, kwamba ingeendelea kuanguka hata ukizima breka ya soketi, kwa sababu ile breka ndogo inakata laivu peke yake, nyutro inabaki imeungana kule kule. Kwako wewe haiko hivyo. Inakaa juu siku nzima mpaka uchomeke kitu pale nje, na ukichomeka chochote inaanguka. Hiyo ni jozi nzima imehama.

Na naamini najua ilivyotokea, kwa sababu na mimi nimeshafanya hivyo nikiwa bado nabeba mabegi ya fundi wangu. Picha. Picha ni jambo zuri sana, endelea kupiga, ila picha inakuonyesha waya imekaa upande gani, haikuonyeshi skrubu hiyo ni ya nini. Kampuni moja inaweka ethi juu katikati, nyingine inaiweka chini kushoto, nyingine skrubu zote tatu ziko mstari mmoja. Ukihamisha waya kwa kufuata mahali zilipokaa kwenye soketi ya zamani, kwenye mpya unaweza kuzitia kwenye tundu lisilo lake bila kujua, na rangi zinaonekana zimepangika vizuri kabisa. Geuza soketi yako mpya uangalie mgongo wake, pembeni ya kila skrubu kuna alama imechongwa kwenye plastiki, tena rangi moja na plastiki yenyewe kwa hiyo bila kumulika na tochi kwa ubavu huioni. L ni laivu, N ni nyutro, na ethi ni E au ule mchoro wa mistari mitatu inayopungua urefu kwenda chini. Hizo alama ndo unazifuata.

Sasa turudi kwa dada yako na friji, maana hapa ndo nilipopata hofu niliposoma ujumbe wako.

Rafiki yako alipoiruka RCCB hakutengeneza kitu, kosa lilibaki pale pale, alichofanya ni kumtoa mtunza stoo ili mali iendelee kutoka. Pampu ikawaka. Umeme wake ukawa unarudi kwa waya wa kijani mpaka kwenye meni swichi (lile boksi kuu la breka), pale kwenye kile kipande cha shaba ambapo waya zote za ethi za nyumba zimekutana, kisha unashuka kwenye ethi rodi, ile fimbo ya chuma iliyochimbiwa nje, unapita kwenye udongo unaitafuta transfoma. Udongo unapinga umeme. Rodi ya nyumba ya kawaida ikiwa na upinzani wa omu 40 hiyo wala sio ajabu, wakati wa kiangazi udongo umekauka inaweza kuzidi hapo. Piga hesabu, pampu ya nusu hospawa kawaida inavuta kama ampea 2.5, ikilazimishwa kupita kwenye omu 40 itashuka mpaka kama 1.75, na 1.75 mara 40 unapata volti 70. Hizo volti 70 hazikai kwenye pampu peke yake. Zinakaa kwenye kile kipande cha shaba, maana yake zipo kwenye kila chuma ndani ya nyumba yako kilichofungwa ethi, mlango wa friji, mashine ya kufulia, jiko la umeme, birika, bodi ya pasi. Kipimo ambacho wataalamu wa umeme wanakitumia kama mpaka wa kugusa kwa kawaida ni volti 50. Dada yako alishika friji pekupeku juu ya sakafu. Friji lake ni zima halina ubaya wowote, umeme wa pampu iliyokuwa inafanya kazi nyuma ya nyumba ndo uliokuja kumfikia jikoni.

Angekuwa ametoka kuoga ingekuwa habari nyingine. Nasema hivi sio kukutisha, nasema kwa sababu nimewahi kuitwa nyumba ya watu ambako mtoto aliganda kwenye bomba la chuma la nje, akaokolewa na mama yake aliyempiga teke la miguu yote miwili akiwa na ndala, na nilipofungua meni swichi nikakuta RCCB imerukwa na kipande cha waya mweusi, "ilikuwa inasumbua". Toka siku hiyo mteja akiniambia niiruke hata kwa dakika tano ili amalizie kupiga pasi, siiruki.

Usijidanganye kwamba breka ya kawaida ingekulinda. Hesabu ni hiyo hiyo, laivu ikigusa chuma nyumba yenye rodi ya omu 40, 230 gawanya kwa 40 unapata kama ampea 5.75. Breka ya soketi ni ya ampea 20 au 32. Kwake yeye 5.75 ni kama mtu kawasha birika dogo, haianguki leo wala kesho. Nyumba zetu nyingi zinategemea rodi yake yenyewe, kwa hiyo kitu kinachosimama kati ya mtu na kifo ni hiyo RCCB peke yake.

Haya, kazi sasa. Kuna sehemu unaweza kufanya mwenyewe na sehemu sitaki uguse.

Usiyoigusa ni hiyo RCCB iliyorukwa. Kuirudisha waya zake mahali pake ni kazi ya kufungua meni swichi, na ndani ya meni swichi kuna waya zinazotoka moja kwa moja kwenye mita ambazo zina moto hata ukiwa umezima kila kitu unachokiona. Alafu kuna mtego mwingine, nyumba nyingi ndogo hiyo RCCB ndo swichi kuu yenyewe, hamna nyingine, na ikirukwa ukiiangusha chini unadhani umezima kumbe umeme unapita pembeni. Kwa hiyo tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mwambie bila kuona aibu kwamba ilirukwa, airudishe kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Kama chini ya mita ya LUKU kuna breka yake, ndo itakayozimwa. Mita yenyewe na lakiri zake ni mali ya TANESCO, huyo fundi naye asiziguse.

RCCB ikisharudi, soketi unaweza kuifungua wewe, ila kwa mpangilio. Zima swichi kuu, sio breka ya soketi peke yake, maana leo tunataka na nyutro ikatike. Bandika tepu juu yake na uwaambie watu wote wa nyumbani unachofanya, kuna ndugu yetu kila siku akikuta umeme umekatika anakimbilia kupandisha swichi kabla hajauliza. Kisha chukua testa, ijaribu kwanza kabla ya kuzima kwenye soketi unayojua ina moto uone inawaka, zima, njoo upime skrubu zote tatu za soketi ya nje. Testa iliyokufa na waya usio na umeme vinafanana, vyote haviwaki. Ukiwa na multimita ni bora zaidi kuliko hiyo testa ya bisibisi, maana ile inategemea mwili wako na viatu ulivyovaa.

Nimeona watu wanachomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili vile vifuniko vya ndani vifunguke waingize plagi ya miguu miwili au ncha za multimita. Acha hiyo tabia, hasa nje kwenye maji maji. Vile vifuniko vipo kwa ajili ya vidole vya watoto. Kwa kazi yetu utapima kwenye skrubu za nyuma, umeme ukiwa umezimwa.

Fungua skrubu mbili za mbele, ivute soketi taratibu, usiikamate kwa nguvu waya zisikatike. Mulika alama. Kama nyeusi mbili ziko kwenye E na za kijani mbili ziko kwenye N, basi tumemaliza kutafuta. Zibadilishe, nyekundu kwenye L, nyeusi kwenye N, kijani kwenye E. (Nyumba mpya utakuta kahawia ndo laivu, bluu ndo nyutro, na ethi ni kijani yenye mstari wa njano.)

Lakini usiiamini rangi kwa asilimia mia. Kuna mafundi waya wa kijani ukiisha wanamalizia na mweusi, anaenda zake, wewe miaka kumi baadaye unakuja kufuata rangi. Hakikisha hivi: umeme umezimwa, vitu vyote vimechomolewa, toa waya kwenye soketi ziache wazi bila kugusana, mwombe fundi akiwa pale pale kwenye meni swichi afunge waya mmoja mrefu wa kuazima kwenye kile kipande cha shaba cha ethi, uuvute mpaka nje, weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye waya huo wa kuazima na nyingine kwenye waya unaosema ni ethi. Ikilia, ndo yenyewe. Gusa zile unazosema ni nyutro, hapo isilie. Ikilia zote mbili, kuna mahali nyutro na ethi zimegusana na hiyo ni kazi nyingine ya kutafuta, labda skrubu ya boksi imetoboa waya ukutani.

Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu vile vipimo vya kawaida havioni kosa lako. Ukiweka multimita kwenye volti, laivu na nyutro utapata 230, laivu na ethi utapata 230, nyutro na ethi utapata sifuri au volti chache, na zikibadilishana nyutro na ethi unapata majibu yale yale kabisa. Hata ile plagi ya kupimia yenye taa tatu itawasha taa za "safi". Ni mlio wa mwendelezo au macho yako tu.

Wakati unazirudisha angalia vitu vidogo vidogo, ndo vinavyoua soketi za nje. Shaba iliyochunwa iingie yote chini ya skrubu, isibaki ndefu nje zaidi ya milimita moja au mbili, na wala plastiki ya waya isibanwe na skrubu maana utadhani umekaza shaba kumbe umekaza plastiki, inashika leo, mwezi ujao inapata joto inanuka. Waya mbili zinazoingia tundu moja zisokote pamoja kwa pulaizi zikae kama moja. Ukishakaza vuta kila waya kwa mkono, vuta kweli. Kama ncha za zamani zimekuwa nyeusi au zimepata ile kutu ya kijani, kata sentimita moja uchune upya. Kama boksi la ukutani ni la chuma, nalo linataka kipande cha ethi kutoka kwenye skrubu ya E, wengi wanakisahau.

Na kumbuka zile waya zilikuwa mbili mbili kwa sababu soketi yako iko njiani, umeme unaingia na kuendelea kwenda soketi nyingine. Moja ikichomoka, wewe nje unaweza kuwa na umeme na soketi zinazofuata zikakosa, au zote pamoja zikakosa. Ukiona nyutro moja haikushika vizuri utapata ile hali ya ajabu ambapo testa inawaka lakini kitu hakifanyi kazi, watu wanabadilisha soketi tatu kumbe ni skrubu ya nyutro.

Swali lako la ufeki sasa. Zipo feki sokoni, ni kweli, na mkononi utazijua, ni nyepesi mno, shaba za ndani zimekuwa kama bati la kopo, skrubu inazunguka bila kushika, kile kifuniko cha tundu kinafunguka hata kwa njiti. Yenye BS 1363 (kiwango cha Uingereza cha soketi hizi) iliyochongwa na uzito wake mkononi inatulia. Lakini mimi wasiwasi wangu ni mwingine. Umeandika umenunua "soketi kama ile ya sebuleni". Basi hiyo ni soketi ya ndani, haina kinga ya maji kabisa, na umeiweka ukutani karibu na pampu, bomba na simtanki linalofurika. Hata ukipanga waya vizuri leo, masika ikiingia Machi utaanza ugonjwa mpya, RCCB inaanguka mvua ikinyesha, jua likiwaka inakaa. Ya nje inakuwa na boksi lake lenye mpira pembeni na kifuniko cha kufunga juu, imeandikwa IP55 au IP66. Soma vizuri pale dukani, kuna nyingine hiyo IP66 ni kifuniko kikiwa kimefungwa bila plagi ndani, ukichomeka pampu kifuniko hakifungi na maji yanaingia kama kawaida. Kwa pampu ambayo inakaa imechomekwa muda wote, chukua ile yenye kifuniko kirefu kinachofunika plagi na waya kutokea chini.

Bomba la waya liingie kwenye boksi kwa chini, sio kwa juu, na lifungwe na glandi yake (kile kibano kinachoziba pale linapoingilia). Likiingia kwa juu maji yanafuata waya mpaka ndani hata ukimwaga silikoni debe zima. Silikoni yenyewe paka juu na ubavuni, chini acha wazi, boksi nyingi zina kitobo cha kutoa unyevu huko chini, mtu anakiziba kwa bidii yake mwenyewe kisha maji yanakaa ndani kama kwenye kikombe. Na wadudu. Huku kwetu sisimizi wanapenda joto la soketi, nimefungua soketi za nje zimejaa udongo wao mpaka kwenye skrubu, na mijusi nayo inaingia inakauka katikati ya laivu na ethi. Glandi iliyobana inawazuia hao wote. Ungekuwa upande wa baharini, Kigamboni au Mbweni, ningekwambia pia ufungue uangalie kila mwaka kwa sababu ya chumvi ya upepo, Kimara una nafuu kidogo.

Ukimaliza kufunga, usikimbilie pampu. Washa swichi kuu, subiri dakika kadhaa na friji likiwa linafanya kazi, RCCB ikikaa hiyo ni hatua. Bonyeza kitufe cha T, lazima ianguke hapo hapo, ikikataa kuanguka basi hapo ndo inunuliwe nyingine. Jua tu kwamba kitufe hicho kinaijaribu swichi yenyewe, hakikwambii chochote kuhusu hali ya rodi yako. Ipandishe, chomeka chaja ya simu nje. Ikikaa, chomeka birika au pasi, kitu chenye mzigo, kiache dakika kumi, zima, gusa uso wa soketi kwa mgongo wa mkono, isiwe na joto. Ndo uje na pampu mwisho. Kama chaja na birika vinakaa na pampu inaizima, basi sasa ndo tunaweza kuilaumu pampu, ina unyevu ndani au koili imechoka, ipelekwe ikapimwe.

Fundi akiwa hapo hapo kwa ajili ya RCCB mwambie afanye mambo mawili ambayo wewe huna vifaa vyake. Moja, apime waya za hiyo saketi kwa mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja kwenye plastiki ya waya) ya volti 500 vitu vyote vikiwa vimechomolewa, anatakiwa apate kuanzia megaomu 1, na akipata hamsini au mia ndo raha. Multimita yako inapima kwa betri ndogo, unyevu mwingine haiuoni. Mbili, apime rodi ya ethi na aangalie ile klampu yake, mara nyingi nikifukua nakuta klampu imeliwa na kutu au mtu wa kujenga ukuta aliukata waya kwa jembe akaufukia kimya kimya. Friji lilimpiga dada yako ganzi, kwa hiyo rodi yako ina upinzani wa kutosha kupandisha volti, hilo tunalijua hata kabla ya kupima, na inawezekana ikahitaji kuongezewa rodi ya pili.

Fundi akija akaanza kusema RCCB ni ya kutoa tu "maana hizi zinasumbua", mshukuru, mpe nauli, tafuta mwingine.

Ukifungua nitumie picha ya mgongo wa soketi kabla hujagusa waya, umulike alama zionekane, na nyingine ukishapanga. Mpaka fundi airudishe hiyo swichi, mwambie dada yako asishike friji pekupeku, pampu ibaki imechomolewa, mtumie maji yaliyopo kwenye tanki.